Namna ya Kuwasimulia Watoto Kuzingirwa kwa La Paz, kwa Kifuu na Kunde

Mara ya kwanza nilipowasimulia watoto habari za Túpac Katari, mwenyeji wa milima ya Andes aliyeuzingira mji wa Wahispania wa La Paz, Bolivia ya leo, mwaka 1781, nilianza na kifo chake. Nilieleza alivyofungwa kamba mikononi na miguuni, na farasi wanne wakavuta kila mmoja upande wake. Baraza zima likawa kimya, nikadhani wameelewa. Alhamisi iliyofuata nikauliza, "Yule mtu aliuawa kwa nini?" Mtoto mmoja wa Langoni akajibu, "Aliiba, Bi."

Neno lile lilinikaa moyoni siku nyingi. Mtu aliyeinuka kwa sababu watu wake wanaibiwa, kinywani mwa mtoto amekuwa mwizi, kwa kuwa mimi nilitanguliza damu nikaiacha hesabu nyuma.

Tangu hapo naanza na deni. Nimeshaifanya kazi hii mara kadhaa hapa Lamu, barazani kwangu na ufukweni Shela, na naiandika ili mwalimu au mzazi mwenzangu aweze kuifanya bila ramani, bila umeme, bila kitabu cha picha. Inataka jioni mbili. Usiibane iwe moja, hasa kama watoto wametoka chuoni, yaani madrasa, na wamechoka.

Vitu vyenyewe vyote vipo nyumbani. Nazi moja kubwa iliyokomaa, uivunje kwa mgongo wa panga huku ukiizungusha kiganjani ili ipasuke katikati. Chukua nusu isiyo na macho. Mara nyingi ukingo wake huwa umemeguka kidogo upande mmoja. Usiusawazishe, pengo lile tutalitumia. Kunde kavu vikombe viwili. Daftari na kalamu nyekundu. Vitu vitano au sita ambavyo havina kazi tena: mimi nina kufuli isiyo na ufunguo, kandambili moja ya kushoto, kikombe kilichokatika mkono, kipande cha kaniki na taa ya chemni isiyo na chemni. Na jikoni, tangu alasiri, weka sufuria ya kunde nyingine zichemke. Sababu yake utaiona.

Sasa deni. Kabla hujataja Peru wala Uhispania, gawa vile vitu. Mpe kila mtoto kimoja bila kumuuliza. Fungua daftari, andika jina lake kwa kalamu nyekundu mbele ya macho yake, kisha soma kwa sauti: "Kufuli moja. Shilingi mia tano. Kulipwa Ijumaa ijayo." Usitabasamu. Mtoto atasema, "Bi, mimi sikuomba." Mwambie imekwisha andikwa. Mwingine atataka kurudisha; mwambie hairudishwi. Hapo wataanza kusemezana wenyewe kwa wenyewe, na wewe nyamaza, waache.

Safari moja msichana wa darasa la sita aliuliza, "Na kama baba hana?" Nikamjibu, "Atanifanyia kazi." Akaiweka ile kandambili sakafuni, akaisukuma kwa kidole kimoja, polepole, mpaka ukingoni mwa baraza. Uso wake ulikuwa umebadilika. Nilijua kwamba yule ameshafika kule Andes kabla sijamtajia jina la mlima hata mmoja.

Ndipo uwaambie. Katika nchi za milimani za Amerika ya Kusini, chini ya Wahispania, kila wilaya ilikuwa na mkuu wake aliyeitwa korehidori. Mkuu huyo alikuwa hakimu, alikuwa mkusanya kodi, na juu ya hayo alikuwa mfanyabiashara. Aliwagawia wenyeji nyumbu na vitambaa kwa bei aliyoipanga mwenyewe, watake wasitake, na asiyelipa alimhukumu yeye yule. Mpango huo uliitwa reparto, na katika miaka ya 1750 serikali ya mfalme iliuhalalisha kabisa. Wakishaelewa, kusanya vitu vyako na uichane ile karatasi mbele yao vipandevipande. Usisahau jambo hili. Mtoto mdogo anaweza kwenda kulala na deni lile kichwani.

Baada ya deni, ushuru. Hesabu kunde 50 mbele yao, sema ni mzigo wa mtu anayekwenda sokoni. Chukua moja: hiyo ndiyo alkabala, ushuru wa mauzo, asilimia 2. Mwaka 1772 ikapanda ikawa asilimia 4, kwa hiyo katika mzigo wa pili chukua mbili. Mwaka 1776 ikafika asilimia 6, chukua tatu. Sisi watu wa mji wa bandari tunaijua forodha, watoto hawahitaji kuelezwa maana ya kupitisha mzigo mbele ya mtu mwenye daftari. La Paz nayo ilifunguliwa forodha, na mwaka 1780 watu wakaanza kubandika kwenye kuta karatasi za kuwatukana na kuwatisha wakubwa wake.

Kuna na neno moja la kuangalia. Wahispania waliwalazimisha wanaume wa nyanda za juu kwenda kwa zamu kuchimba fedha katika machimbo ya Potosí, na kazi hiyo iliitwa mita. Watoto wakisikia mita wanafikiria urefu wa kitambaa. Waambie ni neno la Kikechua na maana yake ni zamu. Kila mwaka mwanamume mmoja kati ya saba, katika wilaya zilizopangiwa, ilimpasa kuondoka. Chagua mtoto mmoja kati ya saba asimame aende kukaa peke yake mlangoni. Inatosha, usiendelee sana hapo.

Watoto wa Lamu lazima watauliza kwa nini hawakwenda kushtaki. Walikwenda. Mwambie yule anayeuliza habari za Tomás Katari wa Macha, ambaye mwaka 1778 alikwenda mpaka Buenos Aires kumwona makamu wa mfalme, safari ya zaidi ya kilomita 2,000. Mimi huwaambia ni kama kutoka Mokowe mpaka Nairobi, kurudi, kisha kwenda tena. Alipewa barua ya kumtetea. Aliporudi kwao alitiwa ndani, watu wake wakamkamata korehidori ili wamkomboe, na Januari 1781 akauawa akiwa mikononi mwa walinzi wake. Sehemu hii ukiiacha, watoto watadhani watu wale walikurupuka.

Upande wa Cusco, katika Peru ya leo, tarehe 4 Novemba 1780, José Gabriel Condorcanqui, aliyejiita Túpac Amaru, alimkamata korehidori Antonio de Arriaga na siku sita baadaye akamnyonga hadharani. Akauzingira mji wa Cusco akashindwa kuuchukua. Aliuawa katika uwanja mkubwa wa mji huohuo tarehe 18 Mei 1781, pamoja na mkewe Micaela Bastidas. Habari zake ni ndefu na zinastahili jioni zake zenyewe. Hapa tunahitaji jina lake tu.

Maana kijana mmoja wa Kiaymara wa wilaya ya Sicasica, Julián Apaza, mchuuzi wa majani ya koka na vitambaa vya sufu, alijitwalia jina kutoka kwa wawili, Túpac Amaru na yule Tomás Katari: akajiita Túpac Katari. Amaru kwa Kikechua ni nyoka. Katari kwa Kiaymara ni nyoka vilevile. Watoto hulipenda jambo hili kuliko yote, na mara nyingi huanza kumwita Joka. Waache wamwite. Koka waeleze kuwa ni majani ya kutafunwa, watu wa milimani wayatafuna kwa kazi na kwa baridi kama wazee wetu wanavyotafuna tambuu. Mchuuzi wa koka anazijua njia zote, kutoka mabonde yenye joto ya Yungas mpaka nyanda za juu. Ukisema hivyo, mtoto wa nahodha anaelewa mara moja kwa nini mtu asiyejua kusoma aliweza kuufunga mji.

Sasa weka kifuu katikati ya mkeka. La Paz imo ndani ya bonde, kama kitu kilichoangukia kwenye kifuu. Chini pale ni kiasi cha mita 3,600 juu ya usawa wa bahari, mara mbili ya Nairobi. Ukingoni kabisa, panapoitwa El Alto, ni zaidi ya mita 4,000. Mto Choqueyapu unaingia kutoka juu, unapita katikati ya mji, na kutokea upande ule wa pengo. Weka kunde chache chini, ndio mji. Waambie watoto wapange nyingine juu ya ukingo. Zitaanguka, watapanga tena. Kutoka ukingoni unaona paa za mji, unaona nani anatoka na nani anaingia. Kutoka chini unaona moto tu usiku, kuzunguka pande zote.

Tarehe 14 Machi 1781 mji ulizungukwa. Wazee wetu wana neno lake, kuhusuru. Ndani alikuwemo kamanda Sebastián de Segurola, aliyeandika shajara siku kwa siku, na nje makumi ya maelfu ya watu. Hapa usihutubie. Wape watoto kunde, wahesabu siku. Kunde moja, siku moja, kwa sauti, kila mmoja kwa zamu, mpaka 109.

Mpaka 30 wanacheka. Karibu na 60 sauti zinashuka, mwingine anapotea hesabu, anaambiwa arudi nyuma. Wewe katikati ya hesabu sema jambo moja moja, bila haraka. Kwenye 20, nyama imekwisha. Kwenye 50, wanakula nyumbu. Kwenye 70, wanakula mbwa na paka. Kwenye 90, wanachemsha ngozi. Hayo yote walikula kweli. Siku zenyewe nimezigawa mimi kwa ajili ya hesabu, na watoto wakubwa nawaambia hivyo baadaye. Wakati huo harufu ya kunde za jikoni inafika barazani, na hakuna mtoto asiyegeuza shingo.

Tarehe 30 Juni likaja jeshi la Ignacio Flores, mji ukapumua. Lakini Flores aliondoka mwanzoni mwa Agosti, na mduara ukafungwa tena. Wahesabu 75 zaidi. Jumla 184. Maelfu ya watu walikufa ndani ya mji ule.

Kisha uliza: nani waliokufa? Watasema Wahispania. Wasahihishe kwa upole, maana hapa ndipo hadithi nyingi zinapopinda. Ndani walikuwemo watumishi, machotara, wanawake wa sokoni, wenyeji waliokuwa wameoa au kuajiriwa mjini. Njaa haikuwauliza. Na waliokuwa ukingoni nao waliua. Mji mwingine, Sorata, ulipoanguka mikononi mwa wenzao, wengi waliokuwemo hawakusalimika. Mimi sifichi upande wowote. Namwona Katari alikuwa na haki ya kuinuka, nawaambia hivyo waziwazi, na nawaambia pia kwamba mtoto aliyekuwa chini ya kifuu hakumuuzia mtu nyumbu.

Baada ya hapo pakua. Tia tui kwenye zile kunde, chumvi, kitunguu, wape na mkate wa mofa ukiupata. Wakila, nawaeleza chuño, viazi vinavyogandishwa na baridi ya usiku kisha vikakaushwa juani mpaka vikawa vyepesi kama kizibo. Ni ng'onda wa viazi. Vinakaa miaka. Aliye na chuño ukingoni anaweza kumsubiri aliye chini.

Jioni ya pili iwe ufukweni, maji yakianza kupwa. Chagua mchanga ulioloa karibu na mkondo mdogo unaorudi baharini, au beba ndoo. Watoto wachimbe bonde lenye ukubwa wa sinia kubwa, waujenge mji chini kwa simbi na vijiti, kila mmoja aweke simbi yake na kuikumbuka. Juu ya bonde wachimbe njia ya mto, na juu zaidi wajenge ukuta wa mchanga uzuie maji.

Kwa kuwa upo Shela, anza na ya nyumbani. Hapa, mwanzoni mwa karne ya 19, jeshi la Mombasa na Pate lilikuja kuipiga Lamu, na masimulizi ya kwetu yanasema maji yalipwa vyombo vyao vikakwama, wakashindwa hata kukimbia. Watoto wanaijua. Kwa hiyo ukiwaambia maji yanaweza kupigana vita, hawashangai.

Agosti 1781, Andrés Túpac Amaru, kijana wa miaka kama 18, wa ukoo wa yule Túpac Amaru wa Cusco, pamoja na Gregoria Apaza, dada yake Katari, waliyazuia maji juu ya mji wa Sorata, wakayaachia, kuta za ulinzi zikaporomoka na mji ukatekwa. Wakataka kufanya vivyo hivyo La Paz. Walijenga ukuta juu ya mto Choqueyapu. Hapo mpe mtoto mmoja kijiti, mwambie yeye ndiye wa kutoboa, na nyote mngoje maji yajae.

Safari ya mwisho nilimpa mvulana wa Mkomani, mkubwa kidogo, mwenye sauti. Maji yakajaa, wenzake wanapiga kelele toboa, toboa. Yeye anaitazama simbi yake kule chini. Kijiti kimo mkononi na hakitembei. Wakati anaendelea kusita, ukuta ukalainika wenyewe upande wa kushoto, ukapasuka, maji yakashuka yakabeba nusu ya mji. Sikupanga. Lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa: Oktoba 1781 ukuta wa La Paz ulipasuka kabla ya wakati wake, mafuriko yakabomoa madaraja na nyumba, ila mji haukuanguka. Siku chache baadaye, tarehe 17 Oktoba, jeshi la José de Reseguín likafika.

Wakati watoto wanatafuta simbi zao, zungumzia wanawake. Bartolina Sisa, mkewe Katari, hakuwa mtu wa kupika kambini. Alipokuwa hayupo mumewe, yeye ndiye aliyeamuru, na kambi yake ilikuwa Pampajasi, upande wa pili wa bonde. Alisalitiwa akakamatwa mwanzoni mwa Julai 1781. Walimweka kizuizini zaidi ya mwaka, na tarehe 5 Septemba 1782 wakamnyonga La Paz, siku moja na Gregoria Apaza. Tarehe hiyo leo ni siku ya kimataifa ya wanawake wa asili. Wasichana wa pwani wanamjua Mekatilili wa Menza, aliyepelekwa Kisii mwaka 1913 akatoroka akarudi kwa miguu kwao Giriamani. Ukiwawekea wawili hawa pamoja, huna haja ya kueleza ujasiri ni nini.

Kifo cha Katari kiseme kwa sentensi moja, ukiwa umesimama, bila kuigiza: alisalitiwa na mtu wake, akauawa Peñas tarehe 15 Novemba 1781 kwa kuvutwa na farasi wanne, na viungo vyake vikatawanywa katika vijiji ili watu waogope. Usiulizwe zaidi na usiongeze.

Njiani mkirudi mjini kwa miguu, mtoto mmoja atauliza Uhispania inatuhusu nini. Swali hili uwe tayari nalo. Mwaka 1580 Felipe wa Pili wa Uhispania alikitwaa na kiti cha Ureno, na mpaka 1640 falme zile mbili zilikuwa na mfalme mmoja. Mwaka 1589 Wareno walipomkata kichwa mfalme wa Lamu, walikuwa watu wa Felipe. Mwaka 1593 walipoanza kujenga Fort Jesus kule Mombasa, walikuwa watu wa Felipe. Na mwaka huohuo wa 1593, mji mwingine wa Andes, Quito, ulikuwa unazimwa na askari wa Felipe kwa kuikataa alkabala, fujo zilizoanza 1592. Mimi mwenyewe nilipozipanga tarehe hizo kwenye karatasi moja, nilikaa nazitazama mpaka chai ikapoa.

Wakubwa wakitaka zaidi, wape 16 Julai 1809, siku ambayo La Paz yenyewe, mji uliokuwa chini ya kifuu, iliinuka dhidi ya wakubwa wa mfalme. Kiongozi wake Pedro Domingo Murillo alinyongwa tarehe 29 Januari 1810. Murillo huyo, alipokuwa kijana mwaka 1781, alipigana upande wa mji dhidi ya watu wa Katari. Waulize kunde yake wangeiweka wapi kwenye kifuu. Wabishane njia nzima.

Usiwape mtihani wa tarehe. Alhamisi inayofuata, kabla ya salamu kwisha, uliza swali lile moja: yule mtu aliuawa kwa nini? Ukijibiwa deni, au nyumbu, au kufuli, endelea na habari za Cusco. Ukijibiwa farasi, toa tena daftari na kalamu nyekundu, na ile kandambili ya kushoto.